Bakteria wa kula sumu wanakuja, lakini dumu la dawa lisiingie jikoni

Mzazi wa Babati, huenda nyumbani kwako lipo dumu lililowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu wa mahindi au mbaazi. Wapo wanaoliosha kwa sabuni kisha kulichotea maji ya kunywa. Usifanye hivyo. Sabuni haitoi sumu yote iliyoingia kwenye plastiki. Kuchemsha maji nako huua vijidudu tu, hakuondoi kemikali.

Baadhi ya sumu hudumu kwa miaka mingi. DDT, kwa mfano, hushika kwenye udongo na kujilimbikiza kwenye mafuta ya samaki, mifugo na binadamu. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, mkoani Pwani, lilipokea msaada wa dawa kutoka Ugiriki, nyingine zikiwa zimekwisha muda. Banda lililozihifadhi lilianguka na dawa zikaingia ardhini. Hata baada ya mabaki kuondolewa, watafiti waliendelea kukuta DDT nyingi kwenye udongo.

Bakteria wanasaidiaje?

Kwa asili wapo bakteria wanaogeuza kemikali kuwa chakula, ila kila mmoja huweza aina chache tu. Wataalamu sasa wanakusanya vinasaba vya kuvunja sumu na kuviweka ndani ya bakteria mmoja. Mwaka 2025, watafiti nchini China walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyombadilisha bakteria wa baharini, Vibrio natriegens, akavunja kemikali tano, zikiwamo fenoli na tolueni, kwenye maji taka ya viwandani. Ndani ya saa 48 aliondoa zaidi ya nusu ya kila moja.

Ni hatua kubwa, lakini DDT haikuwa miongoni mwa hizo tano. Pia kiumbe aliyebadilishwa vinasaba hamwagwi tu shambani. Lazima kwanza ipimwe athari yake kwa viumbe wengine. Kwa hiyo kinga ya mwanao leo iko mikononi mwako.

Fanya haya

• Dumu likiisha dawa, lisuuze mara tatu, maji yake yamimine kwenye bomba la kupulizia, kisha litoboe lisitumike tena. Usilichome moto wala kulitupa ziwani.

• Dawa ya zamani usiifukie. Mwone afisa kilimo wa kata.

• Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Ifungie mbali na watoto.

• Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake.

• Mama, endelea kunyonyesha. Faida ya maziwa yako ni kubwa kuliko hofu ya mabaki ya dawa.

Mtoto akinywa dawa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali haraka, na ubebe chupa ya dawa hiyo ili daktari asome lebo.