Akiba Haiozi: Katriji ya Flashi na Utata wa Neno 'Nakala'

Utangulizi

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaiweka programu ya tarakilishi katika kundi moja na riwaya na tamthilia: zote ni kazi za fasihi. Kwa hivyo, mchezo wa video anaoucheza kijana wa Keringet una ukoo wa kisheria na kitabu tunachokihakiki darasani. Makala haya yanalenga kufafanua kifaa kimoja kinachotumika kuchezea nakala za michezo hiyo, yaani katriji ya flashi, na kuonyesha jinsi neno letu 'nakala' linavyofunika matendo mawili yasiyo sawa.

Katriji ya flashi na utendakazi wake

Mashine za michezo za mkononi, mathalani Game Boy ya kampuni ya Nintendo (1989) na Nintendo DS (2004), hupokea mchezo kupitia katriji, yaani kidude cha plastiki kinachopachikwa katika mwanya wa mashine. Katriji asilia hubeba mchezo katika kumbukumbu ya kusomwa tu. Mtumiaji hawezi kuubadilisha wala kuuongezea mwingine. Katriji ya flashi, kwa upande wake, hutumia kumbukumbu inayoandikika na kufutika mara nyingi.

Mfano maarufu ni R4. Umbo lake ni lile la katriji ya DS, ila ina nafasi ya kutia kadi ndogo ya kumbukumbu kama ile ya simu ya rununu. Mtumiaji huichomeka kadi katika tarakilishi, akahamishia humo faili za michezo pamoja na programu ya kuionyesha orodha yake, kisha akairudisha ndani ya katriji. Mashine hudanganyika ikadhani imepewa mchezo asilia. Hatua aliyofikia mchezaji nayo huhifadhiwa katika kadi hiyo hiyo.

Neno 'flashi' lenyewe si geni kwetu. Wakenya 'huflashi' wanapopiga simu na kuikata kabla haijapokelewa. Fundi naye 'huflashi' simu anapoiwekea upya programu zake. Maana ya tatu, ya kumbukumbu inayoandikika, ndiyo inayotuhusu hapa.

Haja ya akiba

Keringet, katika Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, ni soko la wakulima wa chai na viazi. Si mahali pa kutarajia duka la katriji asilia. Anayeletewa mashine na jamaa aliye ng'ambo, katriji yake ikipotea au ikiharibika, hana pa kununulia nyingine. Fauka ya hayo, katriji nyingi za Game Boy zilitunza hatua za mchezaji kwa nguvu za betri ndogo, na betri hiyo hufa baada ya miaka.

Tatizo hili si la mashambani pekee. Mwezi Machi 2023, Nintendo ilifunga duka lake la mtandaoni la mashine ya 3DS. Mwaka huo huo, utafiti wa shirika la Video Game History Foundation ulibaini kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haikuwa ikipatikana tena sokoni.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunaijua thamani ya kunakili. Tendi za Lamu na Pate zilitufikia kwa kuwa waliozithamini walizinakili kwa mkono, kizazi baada ya kizazi. Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia miswada wasomi kama vile Alice Werner na William Hichens. Pasingalikuwa na nakala, pasingalikuwa na somo.

Mpaka wa sheria

Hata hivyo, si kila nakala ni akiba. Sheria ya Kenya inamruhusu anayeimiliki programu kihalali kujiwekea nakala ya akiba bila kuomba idhini, mradi aitumie kwa lengo hilo tu na kuiharibu umiliki wake halali unapokoma. Anayemuuzia jirani mashine pamoja na katriji zake, basi, hana haki ya kubaki na nakala. Kwa upande mwingine, sheria hiyo hiyo inakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia zinazolinda kazi. Ruhusa ipo, lakini njia yake ni nyembamba.

Mahakama za ng'ambo zimewahi kuamua dhidi ya wauzaji wa vifaa hivi: Tokyo mwaka 2009 na London mwaka 2010. Katika kesi ya London, hoja kwamba kifaa kinaweza pia kutumika kihalali, kwa mfano kuchezea michezo iliyotungwa na watumiaji wenyewe, haikuwaokoa wauzaji.

Istilahi tunazozihitaji

Katika mazungumzo ya kila siku, anayejihifadhia mchezo alioununua na anayewauzia wenzake kadi iliyojaa michezo ya watu wote huambiwa 'wamekopi'. 'Nakala rudufu' haitoshi, kwa kuwa inataja wingi tu bila kutaja nia. Napendekeza 'nakala ya akiba' kwa ile ya mwenye mali, na 'nakala haramu' kwa ile inayomnyima mtunzi haki yake. Maswali matatu yatatupambanulia: Je, anayenakili anamiliki asilia kihalali? Ananakili kwa lengo gani? Nani atakayeitumia nakala hiyo?

Hitimisho

Maswali hayo hayaishii kwenye michezo. Riwaya nzima ya Kiswahili inapotolewa kivuli na kugawiwa darasa zima, wanafunzi husema wana 'nakala'. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini akiba huwekwa na mwenye mali. Ni wajibu wetu, kama wanafunzi na wahadhiri wa lugha, kuyapa matendo haya mawili majina mawili, na kuanza kuyatumia katika maktaba zetu wenyewe.