‘Umeelewa?’ Swali la nesi lililonigharimu masomo

Kila Jumapili jioni mimi huwa mteja wa kliniki. Mwenzangu tuliyelala naye chumba kimoja hosteli, yeye sasa yuko mwaka wa nne wa digrii ya uuguzi na mimi niliacha mwaka wa pili, huja kwangu Umoja na daftari lake. Tunaondoa sufuria mezani na bedsita inageuka chumba cha kupanga uzazi. Yeye ni nesi, mimi ni yeyote ninayetaka kuwa. Wiki moja nilikuwa mama wa watoto watatu ambaye mumewe hafai kujua. Wiki iliyofuata nikawa manzi wa miaka 19 anayemeza P2 kila Jumatatu kama chai. (Nasema mteja, si mgonjwa. Kutotaka mimba si ugonjwa.)

Mara ya kwanza alinimwagia kila kitu. Koili ya shaba hukaa miaka 10 na zaidi, kipandikizi cha mkononi miaka 3 au 5 kutegemea aina, sindano ni kila miezi 3, tembe kila siku, kondomu kila mara, na ni kondomu pekee inayokukinga pia dhidi ya HIV. Akanipa na hesabu: wanawake 100 wakitumia tembe mwaka mzima jinsi watu wa kawaida hutumia, wakisahau hapa na pale, 7 hivi watashika mimba. Kwa kipandikizi, hata mmoja hafiki. Yote sahihi. Kisha akauliza, “Umeelewa?”

“Ndiyo, daktari.”

Si ndivyo sote hujibu? Nani atamwambia mtu wa sare kwamba hajaelewa, na nje kuna foleni ya watu wanakohoa?

Hapo ndipo nilimwambia kitu ambacho tukiwa hosteli sikuwahi kumwambia.

Mwaka wa kwanza nilienda kliniki moja hapa mjini kudungwa sindano ya kupanga uzazi. Nesi akaniuliza nafanya nini, nikasema nasomea uuguzi. “Ah, basi wewe unajua,” akasema. Akanidunga, akaniandikia tarehe ya kurudi kwenye kadi. Umeelewa? Ndiyo. Dakika tano nikawa nje.

Na kweli nilijua. Jina la hiyo homoni ningeliandika kwenye mtihani bila kukosa herufi. Lakini hedhi yangu ilipoanza kuja matone matone, kisha baada ya sindano ya pili ikatoweka kabisa, zile noti zote zilipotea kichwani. Nilinunua vipimo vya mimba mara tatu. Hakuna kitu. Mama mboga wa mtaani akaniangalia kwa huruma: “Hiyo damu inajaa tumboni, msichana wangu. Itakuletea uvimbe.” Nikamwamini, maze. Mimi, mwanafunzi wa uuguzi. Angalau yeye alikuwa amekaa chini akanieleza kitu.

Sikurudi kwa sindano ya tatu. Mwingine akanituliza ati dawa hukaa mwilini mwaka mzima, nisijali. Hapo kuna ukweli nusu: wengi huchelewa kushika mimba wakiacha sindano, hata miezi 10 tangu ile ya mwisho. Lakini huwezi kujua kama wewe ni mmoja wao, na yai linaweza kutoka wiki chache tu baada ya tarehe ya kadi kupita. Mimi sikuchelewa. Mwanangu ametimiza miaka miwili juzi, anapenda matatu kuliko ananipenda mimi, na simrudishi kwa bei yoyote. Ila mathe alikuwa na pesa za kitu kimoja, karo au mtoto.

Ningeambiwa tu hivi: sindano hufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba, kwa hivyo hakuna damu ya kutoka. Haijajaa popote.

Mwenzangu hakusema kitu kwa muda. Kule chuoni hukariri herufi za GATHER: salimia, uliza, eleza, saidia kuchagua, fafanua, panga siku ya kurudi. Ni nzuri. Lakini unaweza kuzipitia zote sita na mteja atoke mikono mitupu. Siku hizi, badala ya “umeelewa”, yeye huniambia: “Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani dada yako akikuuliza, utamwambia nini?” Ni kama mtihani umehamia kwa nesi.

Na ni hapo uchafu hutoka. Yule manzi wa P2 alijibu, “Nikimeza leo niko sawa wiki nzima.” Zii! P2 ni ya tendo lililokwisha pita, ndani ya saa 72, na ukiwahi ndiyo bora. Inachelewesha yai kutoka, haiui mimba, na haikulindi Ijumaa ijayo. Huenda Ijumaa hiyo ndiyo yai lililocheleweshwa linatoka.

Kwa mama wa siri tulikaa saa nzima. Kipandikizi huguswa chini ya ngozi, sindano haionekani. Sawa, na kadi ya kliniki ataificha wapi? Hilo halikuwa kwenye noti.

Kuna siku alinifeli vibaya. Nilikuja kama msichana anayetumia dawa za kifua kikuu, akanipa kipandikizi bila kuniuliza ninameza nini. Rifampisini hudhoofisha kipandikizi na tembe pia. Nilirudi wiki iliyofuata na mto chini ya fulana. Alicheka hadi machozi, kisha akaandika swali hilo kwa kalamu nyekundu juu kabisa ya ukurasa.

Mtihani wake wa vitendo ni Alhamisi hii. Kabla ya hapo tutakutana mara moja zaidi, na nitakuwa mwanamume anayetaka kufungwa mirija. Swali langu liko tayari: nikitoka hapa leo, kesho niko sawa? Asiposema nisubiri miezi 3 na nitumie kondomu kwanza, nitamtafutia mto mwingine.