Nyuzi zikitolewa, jeraha bado halijapona

MAVUNO ya mahindi yanapoanza katika mashamba ya Uasin Gishu, sisi madaktari wa Eldoret hujua wiki hizo zitakuwa za sindano na uzi. Huyu ameponyokwa na panga akikata mabua, yule mkono wake umeshikwa na mashine ya kukatia ng'ombe majani, na wa tatu ameanguka na bodaboda goti likapasuka. Ongeza mafundi wa mabati wa jua kali, na hakosekani mtu wa kushonwa siku yoyote ya mwaka.

Kushona kwenyewe huchukua muda mfupi. Kazi inayobaki ni ya wiki kadhaa, na hufanywa nyumbani na mgonjwa mwenyewe. Hapo ndipo wengi huharibikiwa, hasa wanaodhani kwamba ngozi ikishashikana basi jeraha limepona.

Msomaji, uzi hauponyi. Hushikilia tu kingo za jeraha huku mwili ukijenga. Kwa juu, ngozi huziba katika siku 2 hivi. Ndani, ujenzi ni wa polepole mno. Juma la kwanza likiisha, mahali hapo pana nguvu kama sehemu moja kwa kumi ya ngozi nzima, pengine chini ya hapo. Baada ya wiki 3 hufika kama robo, na baada ya miezi 3 kama asilimia 80. Nguvu yote ya awali hairudi kamwe. Kwa hivyo fundi wa ujenzi aliyetolewa nyuzi za kiganja siku ya 10 na kubeba mawe siku ya 11 asishangae akiona damu tena.

Jambo hili si geni katika sehemu zetu. Mwaka wa 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, katika Uganda ya leo, mganga akimpasua mama mja mzito na kumtoa mtoto. Mganga huyo aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha akafunga jeraha kwa pini 7 za chuma zilizozungushiwa uzi wa magome. Halikufunuliwa hadi siku ya 3, ikatolewa pini 1. Siku ya 5 zikatolewa 3, na zilizobaki siku ya 6. Kufikia siku ya 11, aliandika Felkin, jeraha lilikuwa limefunga. Tazama subira hiyo, kisha umfikirie kijana wa leo anayefungua bandeji kila saa moja kuwaonyesha marafiki.

Siku 2 za kwanza, acha bandeji ilivyo na iwe kavu. Doa la damu lisikutie hofu. Damu ikizidi, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, na isipokoma rudi hospitalini. Mkono au mguu ulioshonwa uinuliwe, kwani ukining'inia huvimba, na uvimbe huvuta nyuzi. Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, huenda bandeji imekazwa mno, basi ilegezwe. Lakini ikiwa tangu mwanzo huwezi kukunja au kunyoosha kidole, au ncha yake haina hisia, huenda kano au mshipa wa fahamu umekatwa. Hilo linahitaji mpasuaji, kama wale wa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na halingoji wiki ijayo.

Baada ya siku hizo 2, maji safi ya mfereji na sabuni ya kawaida yanatosha. Osha taratibu, kausha kwa kugusa tu bila kusugua, kisha funika. Usiliroweke jeraha katika karai la kufulia nguo, wala usiingie nalo zizini bila kulifunika vizuri.

Kuhusu vitu ambavyo watu hupaka, ningeweza kuandika ukurasa mzima. Nimekuta majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, na unga wa vidonge vya kuua viini vilivyopasuliwa na kunyunyizwa juu ya mshono. Unga huo hugandamana na kuficha usaha chini yake. Hata spiriti na ile dawa inayotoa povu, ambazo wengi huzisifu kwa sababu zinawasha, huua chembe changa zinazojenga ngozi. Dawa kuwasha si ushahidi kwamba inatibu.

Maumivu yanatakiwa kupungua kila siku. Yakizidi baada ya siku ya 2 au ya 3, kuna jambo. Vitabu vingi husema tazama wekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huweza kujificha. Gusa kandokando kwa mgongo wa mkono uone kama pana joto kuliko upande wa pili. Usaha, harufu mbaya, homa, uvimbe unaotambaa au tezi kuuma kwapani au kinenani ni sababu za kurudi siku hiyo hiyo.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, za kichwani na mikononi 7 hadi 10, za miguuni na kwenye viungo kama goti 10 hadi 14. Zikikaa mno huacha alama kama reli. Tafadhali usizitoe mwenyewe kwa wembe ili kuokoa nauli. Anayekosea huvuta kipande kichafu cha uzi kupitia ndani ya jeraha.

Najua kupumzika kuna gharama. Anayelipwa kwa siku hawezi kula ushauri wa daktari. Lakini ikiwa uliumia kazini, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inampa haki ya malipo mfanyakazi aliyeshindwa kufanya kazi siku 3 au zaidi. Mwarifu mwajiri mapema, na uombe barua ya daktari.

Si kila jeraha hushonwa papo hapo. Lililochelewa au lenye uchafu mwingi huweza kuachwa wazi siku 4 au 5 kwanza. Hali kadhalika la kuumwa na mbwa, ambalo huoshwa kwa sabuni na maji dakika 15 kabla ya kukimbilia chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mwisho ni pepopunda, ambayo viini vyake hukaa udongoni na katika kinyesi cha mifugo. Wanawake huchanjwa wakiwa waja wazito. Wanaume wengi hawajadungwa tangu wakiwa watoto wachanga, na ndio hao wenye mapanga. Jeraha likiwa chafu na miaka 5 imepita tangu chanjo ya mwisho, unahitaji nyingine. Likiwa safi, ni miaka 10. Kama hukumbuki ulidungwa lini, mwambie anayekushona kabla hujatoka chumbani.