"Chanzo chetu makini" ni nani? Vichwa vya habari za mastaa vinavyopikwa

Abiria anayesubiri gari la kushuka Muheza pale Sigi, kwenye barabara ya Amani (Amani kijiji, siyo gazeti la udaku), anakutana na hii kwenye simu: "STAA ANASWA LAIVU! SIRI NZITO YAFICHUKA". Anafungua. Chini yake kuna "chanzo chetu makini kilichoomba hifadhi ya jina", na simu ya staa iliyoita bila kupokelewa. Basi.

Kuficha jina la chanzo si kosa. Mfanyakazi anayefichua wizi ofisini kwake anaweza kufukuzwa, hivyo mwandishi humlinda. Ila mhariri anapaswa kumjua mtu huyo na kujua amejuaje, kisha habari ithibitishwe kwingine. Kwenye udaku, "mtu wa karibu" anaweza kuwa shoga aliyegombana na staa, jirani, au staa mwenyewe anayetafuta kiki kabla ya kutoa wimbo. Msomaji hana namna ya kujua ni yupi.

Maneno nayo yana ujanja. "Anaswa" haisemi kanaswa na nani wala kwa kosa gani. Wakati mwingine kanaswa kwa kamera tu, akila chipsi. "Adaiwa" inamficha anayedai. Alama ya kuuliza inageuza tuhuma kuwa swali. Wengi hudhani "adaiwa" ni kinga, kumbe anayerudia kashfa ya mwenzake naye anaweza kushtakiwa.

Mwigizaji Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Mwigizaji mwenzake, Elizabeth Michael "Lulu", akakamatwa. Chumbani walikuwa wawili tu: mmoja amefariki, mwingine yuko mikononi mwa polisi. Hata hivyo, wasimulizi wa yaliyotokea mle ndani hawakukosekana, na mitaani watu walishatoa hukumu zao mapema.

Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka Novemba 13, 2017, zaidi ya miaka 5 baadaye: kuua bila kukusudia, miaka 2 jela. Huko mahakamani hakuna "mtu wa karibu". Shahidi anataja jina, anaapa, kisha wakili wa upande wa pili anambana: ulikuwepo, au uliambiwa?