Kelele za gurudumu: Tafuta chanzo kabla ya kubadilisha vipuri

WENYE magari wengi wanaifahamu adha hii. Gari linavuma kila linaposhika kasi. Linapelekwa katika karakana ya kampuni iliyoliuza, linalala huko siku mbili, kisha mwenyewe anaambiwa halina hitilafu. Akifika barabara kuu, mvumo ni ule ule.

Si lazima fundi awe mzembe. Huenda alilijaribu gari polepole kandokando ya karakana, ilhali mlio husikika tu likienda kilomita 80 kwa saa.

Balaa hutokea mteja anaposhinikiza lolote lifanywe. Hapo vipuri hubadilishwa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Beringi mpya inatiwa, kelele inabaki. Pedi za breki zinafuata, kelele inabaki. Kinachopungua ni pesa tu.

Hata hivyo, kila chanzo kina sauti yake. Beringi iliyochakaa hunguruma, na mngurumo hupanda kadiri gari linavyoongeza kasi. Mzunguko wa injini ukishuka, mlio hauondoki maadamu magurudumu yanazunguka kwa kasi ile ile.

Kona nazo hufichua mengi. Gari likipinda kushoto, uzito huelemea magurudumu ya kulia. Mlio ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ukizidi gari likipinda kulia, basi chunguza ya kushoto.

Tairi iliyolika vibaya huvuma karibu sawa na beringi, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Tofauti ni kwamba mvumo wa tairi hubadilika gari linapotoka kwenye lami mbovu na kuingia kwenye lami laini. Ukipitisha kiganja juu ya tairi hiyo, utahisi mabonde na matuta. Fundi akizihamisha tairi za mbele nyuma na mlio ukahama nazo, beringi haina hatia.

Mlio wa 'tak-tak' usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho huashiria kuchakaa kwa kiungo cha ekseli ya mbele. Mkwaruzo unaobadilika ukikanyaga breki hutokana na pedi zilizokwisha, au kijiwe kilichonasa kando ya diski.

Kwa hivyo, kabla ya kurudi karakanani, andika mlio huanza kwa kasi gani, huzidi kona ipi, na hubadilika vipi ukifunga breki. Mwombe fundi mkuu aketi nawe garini mpite barabara ile ile unakousikia. Kisha gari liinuliwe kwa jeki, kila gurudumu lizungushwe na kutikiswa kwa mkono.

Hakikisha pia malalamiko yako yameandikwa kikamilifu katika fomu ya kazi, pamoja na tarehe na kilomita za gari. Maneno 'gari lina kelele' hayatoshi. Hifadhi nakala hata ukiambiwa hakuna kasoro. Dhamana ya gari ikiisha kabla ya chanzo kupatikana, karatasi hiyo ndiyo itakayothibitisha kuwa ulilalamika mapema.

Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 ina sehemu mahususi kuhusu ukarabati wa magari, yakiwemo makadirio ya gharama. Yadai makadirio hayo kwa maandishi kabla kazi haijaanza, na uombe kuonyeshwa kipuri kilichotolewa.

Lakini kuna hali isiyoruhusu kungoja zamu ya karakana. Iwapo gurudumu linachezacheza likitikiswa, au mngurumo unaambatana na joto jingi katikati ya gurudumu, usiliendeshe gari hilo. Beringi ikivunjika kabisa, gurudumu linaweza kukwama au kuchomoka gari likiwa mwendoni. Liite gari la kuvuta. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ajali.