Rangi Zenye Wenyewe: Kanga kama Msingi wa Mwonekano wa Tamasha la Utamaduni Kariakoo

Msanifu anayepewa kazi ya kubuni mwonekano mpya wa tamasha la utamaduni Kariakoo haanzi na karatasi tupu, kwa kuwa rangi za mitaa hiyo zina wenyewe. Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, yenye makao Jangwani, hujitambulisha kwa kijani na njano. Simba ya Msimbazi, iliyoasisiwa mwaka 1936, kwa nyekundu na nyeupe. Simba Day, iliyoanza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi, iliyoanza mwaka 2019, zimewazoesha wakazi kusoma rangi kabla ya maneno. Yanga iliwahi hata kukataa kuvaa nembo nyekundu ya mdhamini wa ligi. Kwa hiyo bango la kijani na njano litakalobandikwa Mnazi Mmoja litadhaniwa kuwa la Yanga, au la Chama cha Mapinduzi, ingawa linatangaza ngoma na mapishi.

Kukimbilia rangi ya kijivu ni woga tu. Jibu lenye mashiko zaidi linauzwa katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, nalo ni kanga. Pindo, mji na jina ni mfumo kamili wa utambulisho: pindo lilelile huzunguka bango, tiketi na fulana, mji hubeba alama kuu, jina hubadilika kila mwaka bila tamasha kupoteza sura yake. Aidha, kanga ya kisutu huonesha kwamba rangi haina maana peke yake. Nyekundu yake, ikiandamana na nyeusi na nyeupe na kuhusishwa na harusi, haimkumbushi mtu Msimbazi.

Kwa alama ya mjini, jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970 linatosha: nguzo zake za zege zilizochanua juu kama miavuli huchoreka kwa mistari michache, na hakuna klabu inayozidai. Tangu moto wa Julai 2021, umbo hilo limebeba pia kumbukumbu ya hasara ya wafanyabiashara, hivyo halifai kuchorwa kwa mzaha.

Ugumu hasa umo katika jina. Maneno ya kanga husomwa kama fumbo, na fumbo hutafutiwa mlengwa. Msemo uliokusudiwa kukaribisha wageni huweza kuchukuliwa kuwa kijembe kwa mtaa wa jirani. Kwa sababu hiyo, jina lipelekwe kwanza kwa wauza kanga na kinamama wanunuzi, walitafsiri wapendavyo, kabla mchapaji hajalipwa.