Injini Inalia Ti-ti-ti: Isikilize Kwanza, Pesa Baadaye

[MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA CHINI YA SAUTI]

MTANGAZAJI: Leo tunajibu swali kutoka Chilinde. Ndugu mmoja, dereva wa basi dogo la abiria, anauliza hivi: "Asubuhi nikiwasha gari, injini inalia ti-ti-ti kama cherehani. Fundi wa kwanza anataka kufungua injini yote. Wa pili anasema niweke oili nzito, niendelee na kazi. Nimfuate nani?"

Ndugu yetu, kabla ya kumfuata fundi yeyote, isikilize injini yenyewe. Gari moja hapa kwetu linabeba watu wengi. Linampeleka mgonjwa Hospitali Kuu ya Kamuzu, linaleta mzigo wa mama wa sokoni, na mara nyingi limenunuliwa kwa akiba ya familia mbili au tatu. Injini ikinoki, akiba hiyo hairudi.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sauti hiyo inatoka wapi? Juu ya injini kuna valvu, vile vijilango vinavyoingiza hewa na kutoa moshi. Vinasukumwa na shafti ndefu inayoitwa kamshafti. Kati ya valvu na kinachoisukuma huachwa nafasi ndogo sana, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka. Nafasi hiyo ikizidi, chuma kinagonga chuma. Gari likiwa limesimama na injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 400. Ndiyo maana mlio huwa wa haraka, kama cherehani.

Lakini si kila ti-ti-ti ni valvu. Tupime kwa hatua tatu. Hatua hizi hazihitaji pesa.

Hatua ya kwanza: oili. Weka gari mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika kumi. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa imeshuka, ongeza kidogo kidogo, na usipite alama ya juu. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Hapo usiwashe tena, ita fundi.

Na hili tunalirudia: taa nyekundu ya oili ikiwaka gari likiwa njiani, simama pembeni na uzime. Usiseme, "Nitafika tu, si mbali." Oili isiposukumwa, dakika chache zinatosha kuua injini.

Hatua ya pili: inalia wakati gani? Ikilia sekunde chache tu baada ya kuwasha, kisha ikanyamaza, huenda oili ilikuwa imeshuka chini usiku na sasa imepanda. Angalia kiwango chake na umri wa filta. Ikilia injini ikiwa baridi, halafu ikapungua inapopata moto, shuku gasketi ya ekzosi. Moshi unapenya kwenye ufa, na chuma kikitanuka ufa unajifunga kidogo. Ikilia wakati wote, nyepesi, na kuongeza kasi unapokanyaga mafuta, shuku valvu. Plagi iliyolegea nayo hulia hivyo, kwa hiyo ijaribu kwanza kwa spana, injini ikiwa imepoa.

Ikiwa mlio ni mzito, ko-ko-ko, unatoka chini, na unazidi gari likiwa na mzigo au likipanda mlima, hiyo ni habari nyingine. Huenda beringi za konrodi zimekwisha. Shusha abiria, zima, livutwe. Ukiendelea, konrodi inaweza kukatika na kutoboa injini.

Na kama mlio unafuata mwendo wa magurudumu, simamisha gari na ukanyage mafuta. Mlio ukipotea, tazama matairi. Huenda ni jiwe tu limenasa.

Hatua ya tatu: inalia wapi? Chukua bisibisi ndefu. Ncha iguse injini, mpini uweke karibu na sikio. Gusa juu kwenye kifuniko cha valvu, pembeni karibu na ekzosi, halafu chini. Mahali mlio unapokuwa mkali ndipo pa kuanzia. Jihadhari na feni na mkanda. Vua skafu, funga kitenge vizuri, kunja mikono ya shati. Pia fahamu kwamba vifaa vya kunyunyizia mafuta kwenye injini za petroli hulia tik-tik kidogo, na nozeli za dizeli hugonga. Hiyo ni kawaida yake.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa matengenezo. Ikiwa ni valvu, injini haihitaji kufunguliwa yote. Fundi anafungua kifuniko cha juu na kupima nafasi kwa vibamba vyembamba vya chuma, vile vinavyoitwa fila geji. Kwa injini nyingi nafasi ni kama milimita 0.2 hadi 0.3, yaani unene wa karatasi mbili au tatu za daftari, lakini kipimo sahihi ni cha kitabu cha injini hiyo. Baadhi zinarekebishwa kwa skrubu na nati, nyingine kwa kubadilisha visahani vidogo. Nyingine zinajirekebisha zenyewe kwa nguvu ya oili. Hizo, anza kwa kubadilisha oili na filta.

Tahadhari: asikaze hadi mlio upotee kabisa. Valvu iliyobanwa haifungi vizuri, nayo inaungua kimyakimya. Afadhali mlio mdogo kuliko valvu iliyoungua.

Ikiwa ni gasketi ya ekzosi, utaona masizi meusi karibu na ufa. Usiliahirishe. Katika mabasi madogo mengi injini iko chini ya viti vya mbele, na moshi unaweza kuingia ndani. Moshi huo una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Abiria wakilalamika kichwa, kichefuchefu au usingizi mzito, simama, fungua milango, watoke nje. Hewa hiyo inaua. Kwa sababu hiyo pia, usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa.

Na oili nzito? Inaficha mlio, haiponyi ugonjwa. Asubuhi ya baridi inachelewa kufika juu, na vyuma vinazidi kulika. Wako wauzaji wanaoitumia ili mnunuzi asisikie. Kwa hiyo ukienda kununua gari, weka kwanza mkono juu ya boneti. Ukikuta moto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi, na usiwashiwe mpaka ufike.

Kwa ndugu yetu wa Chilinde, na wengine wenye swali kama lake: anza na cha bei ndogo. Oili na filta, kisha plagi, kisha gasketi ya ekzosi, kisha nafasi ya valvu. Kufungua injini yote ni mwisho. Na kabla ya kutoa kwacha hata moja, mwambie fundi kwa heshima: "Mzee, naomba unionyeshe mlio unatoka wapi." Fundi wa kweli atakupa bisibisi, usikie mwenyewe.

Leteni maswali yenu hapa studio.

[MUZIKI UNAPANDA, MWISHO]